Protini Iliyotakiwa Kutokomezwa

Tangu nistaafu, kila kijana wa maabara anayepita Nkuhungu kunisalimu huniuliza swali lile lile: mama, zamani mlifanyaje kazi bila mashine? Wanauliza kwa huruma, utadhani tulikuwa tunafanya kazi bila nguo. Mwenzenu mmoja, yule anayekalia kiti changu sasa, ameniomba niandike. Nimekubali kwa sababu mvua zimechelewa, shamba halina kazi, na hapa nyumbani hakuna anayenitii kama mlivyokuwa mkinitii nyinyi. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Niliingia hospitali yetu ya mkoa nikiwa binti niliyetoka chuo, na koti jeupe lililonifika magotini. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Ramadhani, mtu wa Majengo ambaye mababu zake walifika mji huu na misafara ya biashara, naye alikuwa akiisimulia safari hiyo kama vile yeye ndiye aliyebeba mizigo. Nilitegemea anipe hadubini. Alinipa kiti.

"Kaa hapo, binti," akasema. "Uangalie hiyo damu."

Ukutani palikuwa na kibao cha mbao kilichosimamisha mirija myembamba ya kioo, na katika kila mrija damu ya mgonjwa mmoja.

"Inafanya nini?" nikauliza.

"Inashuka."

"Na mimi niifanye nini?"

"Usiifanye chochote. Saa nzima. Humu ndani hakuna kazi ngumu kuliko hiyo."

Kipimo hicho nyinyi mnakidharau. Unasimamisha damu, unasubiri saa moja, unasoma chembe nyekundu zimezama kiasi gani. Mwili ukiwa unawaka kwa ndani, damu hujaa protini zinazozifanya chembe zishikane kama sahani zilizopangwa, zikawa nzito, zikazama upesi. Nilifurahi sana mrija wangu wa kwanza uliposhuka haraka. Nikamwambia Mzee Ramadhani kwamba nimeupata ugonjwa.

"Ugonjwa gani?" akauliza, akisafisha miwani kwa ncha ya kanzu.

Nikautazama tena mrija.

"Umepata habari kwamba ndani ya nyumba kuna kelele," akasema. "Nani anapiga kelele, na kwa nini, hujui. Andika ulichokiona. Daktari akitaka kingine, mwambie aende sokoni, wanauza kila kitu."

Madaktari wengi, kwa kweli, walitaka kingine. Miaka yangu mingi ya katikati ilipita wakati ambapo watu wa kanda yetu waliruhusiwa kuumwa magonjwa matatu tu: malaria, taifodi na yutiai. Mtu akianguka kwenye baiskeli, taifodi. Akifiwa akakosa usingizi, taifodi na malaria. Mwanafunzi akikaribia mtihani, yote matatu. Tuliandika majibu kwamba hakuna kitu, na mgonjwa akarudi dirishani amekasirika, akisema mbona duka la dawa la jirani walipima wakamwona anayo mengi. Namkumbuka mwalimu mmoja wa kike ambaye vidole vilimvimba kila asubuhi mpaka akashindwa kushika chaki. Alitibiwa taifodi kwa muda mrefu kuliko alivyosomea ualimu. Tulipopata kipimo cha protini ile ambayo ini huimwaga damuni mwili unapowaka, yake ilikuwa juu kila tulipopima, na vimelea hatukuviona hata siku moja. Ilikuwa ni kinga yake mwenyewe inayoshambulia viungo vyake. Alipoambiwa alikataa. Alisema taifodi angalau inajulikana.

Mzee Ramadhani alistaafu, nami nikapewa funguo zake. Ndipo, mimi nikiwa tayari na mvi za kutosha, ukaja mradi.

Mradi uliletwa na Daktari Hawa, binti wa mfanyabiashara wa nafaka wa pale pale Majengo. Alikuwa amesoma mpaka nje ya nchi, akarudi na ushungi wake na kicheko chake vile vile. Alitaka kupima protini moja katika damu ya wagonjwa wetu mahututi. Jina lake ni herufi nne na namba moja, HMGB1, na mhudumu wetu wa usafi alilifupisha akaiita Mheshimiwa. Kabla ya kazi ilibidi tufanyiwe semina, na kwa mara ya kwanza maishani nilikaa kwenye semina nikaelewa.

"Kila seli ina kiini," Daktari Hawa alitueleza, "na ndani ya kiini kuna nyuzi za urithi. Protini hii kazi yake ni kuzikunja na kuziweka sawa. Inakaa ndani, kimya, wala huijui. Seli ikipasuka, inatoka nje. Huko nje ina kazi nyingine kabisa. Inapiga yowe. Askari wa mwili wakilisikia wanakuja mbio, na wakija wanakuja na joto, uvimbe na maumivu."

"Hata kama hakuna mdudu aliyeingia?" nikauliza.

"Hata kama hakuna mdudu, Mama Nyemo. Ukuta ukibomoka umebomoka. Mwili haungoji kujua nani kaubomoa."

Mradi ulitupa friza refu jeupe la kuhifadhia sampuli kwenye baridi kali. Friza haliwezi kuanza kazi bila kuzinduliwa, na maabara yetu haikuweza kumpokea mgeni rasmi pamoja na waliomsindikiza, wapiga picha na kwaya. Basi friza lilibebwa nje, likawekwa uwanjani kwenye jua, likafungwa utepe. Ilikuwa miezi ya upepo. Vumbi lilipita mara mbili likalibadilisha rangi. Tulivaa fulana zilizoandikwa jina la protini, yangu ikiwa imekosewa herufi, na tukasimama mstari mmoja kama wachezaji wanaosubiri wimbo wa taifa.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mchangamfu na alikuwa amesomewa maelezo akiwa ndani ya gari. Alisema amesikitika sana kusikia kwamba protini hii ya hatari imeingia katika mkoa wetu. Akauliza ilikuwaje mpaka ikafika. Hakungoja jibu. Akaagiza kwamba protini hii itokomezwe, nyumba kwa nyumba, na watakaobainika kuwa nayo wasinyanyapaliwe.

Tulipiga makofi. Mganga mfawidhi wetu alipiga kuliko wote. Daktari Hawa aliangalia viatu vyake, mabega yakimtetemeka, na mimi niliyekuwa karibu naye nikamwekea mkono mgongoni ili watu wadhani analia.

"Mama," akaninong'oneza, "inakaa kwenye kila seli ya kila mtu. Ukiitokomeza humbakizi hata mgeni rasmi."

"Piga makofi, mwanangu," nikamwambia.

Baadaye ofisi ya mgeni rasmi iliandika kuulizia utekelezaji wa agizo. Mganga mfawidhi alijibu kwamba utekelezaji unaendelea vizuri, na kwa kuwa hakuna aliyefuatilia tena, nadhani mpaka leo unaendelea.

Friza lilirudishwa ndani, likapumzishwa, likawashwa, na kwa muda halikuwa na kitu zaidi ya chupa za maji za ofisa manunuzi, ambazo niliziondoa mwenyewe. Halafu akaletwa Yohana.

Yohana alikuwa fundi wa kuchimba visima kwa mkono, wa Mlali kule Kongwa. Siku hiyo alikuwa chini anaongeza kina cha kisima cha jirani, upande mmoja ukaporomoka ukamfunika kuanzia kiunoni. Watu walichimba asubuhi nzima kwa majembe na sufuria mpaka wakamtoa. Alitoka akiongea, na ngozi haikuwa na jeraha la maana, kwa hiyo wakamshukuru Mungu wakampeleka nyumbani kwake. Kesho yake mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na kukaza kama gogo, na homa imepanda. Zahanati walimwanzishia dawa ya malaria. Homa haikushuka, wakaongeza ya taifodi. Ndipo mkewe, Sechelela, alipouza mbuzi akakodi gari.

Nilimkuta mama huyo kwenye benchi la nje ya maabara, amekumbatia kopo la mkojo wa mumewe ndani ya kanga.

"Mbukwenyi," akasalimu.

Nikamwitikia kwa Kigogo, maana na mimi kwetu ni Mpwapwa. Akanikabidhi kopo. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

"Wameniambia mtaona mdudu humu," akasema. "Mkimwona mnioneshe. Nina maneno naye."

Wodi aliyolazwa Yohana ilikuwa ya Daktari Kiondo, daktari wetu bingwa wa upasuaji. Niseme haki, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye amekuwa sahihi mara nyingi mno, na jambo hilo humharibu mtu polepole. Kwake yeye homa ilikuwa na maana moja. Akamwekea Yohana dripu na dawa ya vimelea. Homa ikabaki pale pale. Akabadilisha dawa, akaweka kali zaidi. Homa ikabaki. Kila asubuhi alituma damu tuioteshe, na kila tulipofungua kabati la joto la kuoteshea hapakuwa na kitu kilichoota. Lakini ile protini ya ini ilikuwa imepanda mpaka mashine ikataka tuichanganye damu na maji maalumu ndipo iweze kuisoma.

Alikuja mwenyewe maabara, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya uzinduzi.

"Mama Nyemo, huyu mtu anaungua. Nyinyi mnaniletea karatasi tupu."

"Hakuna kilichoota, daktari."

"Basi vyakula vyenu vya kuoteshea vimekufa."

Swali lake lilikuwa la haki, na nyinyi vijana msilichukie swali hilo likija. Tulichukua vimelea vyetu vya majaribio, vile tunavyovijua kwa jina, tukavipanda kwenye chakula kile kile. Vilistawi kama mchicha wa bondeni. Nilimpelekea akaviona. Akavitazama, kisha akasema labda vimelea vya Yohana ni vya aina ya kujificha.

Wakati huo mkojo wa Yohana ulikuwa unapungua. Hilo ndilo lililotutisha. Mtu asipokojoa hakuna dawa utakayompa ikamsaidia, na kwetu hapakuwa na mashine ya kusafisha damu. Kumsafirisha katika hali ile ilikuwa ni kumsindikiza kaburini. Daktari Hawa alikuwa akipita wodini kutafuta wagonjwa wa mradi. Alimshika Yohana mguu, akakaa naye sana, halafu akanipigia simu.

"Mama, ule mkojo mweusi. Kijiti cha kupimia kilisema kuna damu?"

"Kimesema kuna damu, tena nyingi."

"Na kwenye hadubini? Chembe nyekundu umeziona?"

"Hakuna. Nimeangalia, na mwenzangu ameangalia."

"Basi si damu hiyo. Ni rangi ya misuli. Nyama ya mguu inakufa, inamwagika, inamziba figo."

Alipotaka kuchukua damu ya mradi ilibidi aombe ridhaa, na kwa kuwa Yohana alikuwa anaweweseka, akamweleza mkewe. Nilikuwepo.

"Mnataka damu yake mkaifanyie nini?" Sechelela akauliza.

"Tupime, mama. Tujue mwili wake unapiga yowe kiasi gani."

"Mimi namsikia hapa hapa, na sijapima."

Lakini alikubali. Daktari Hawa alichukua chupa ndogo, akanipa nikaiweke kwenye friza, na hapo hapo akamfuata Daktari Kiondo. Niliwafuata na majibu yangu mkononi, kwa kisingizio kwamba nayapeleka.

"Daktari, mguu ndio homa," Hawa akasema.

"Mguu hauna jeraha. Hakuna mlango wa kuingilia vimelea."

"Hakuna vimelea. Nyama iliyokufa inamwaga protini za hatari damuni, mwili unadhani umevamiwa. Kila saa inayopita wanaongezeka askari, hawana wa kupigana naye, wanaunguza mapafu na figo. Dawa za vimelea hazitawarudisha. Tuondoe kinachowaita."

"Unataka nimkate mtu mwenye homa kama hii? Akifia mezani, atakayeandikwa ni mimi. Wewe utaandika makala."

Maneno yale yalimchoma, nilimwona. Hakujibu kwa ukali. Akasema, "Shikamoo yako naiheshimu, daktari. Naomba tu uje uushike. Mimi mikono yangu haijashika miguu mingi. Ya kwako imeshika."

Sijui kama alisema vile kwa hekima au kwa woga. Lakini Daktari Kiondo alivua miwani akaenda. Aliushika mguu ule juu, akaushika chini. Akavuta kidole gumba, na Yohana, ambaye kwa siku zote alikuwa akigumia, akapiga kelele iliyowaamsha wagonjwa wa upande wa pili. Akamgusa unyayo akamuuliza kama anasikia. Hakusikia. Sechelela alikuwa amesimama pembeni na kanga mdomoni.

Daktari Kiondo aliufunika mguu ule kwa shuka. Kisha akamwambia muuguzi aandae chumba cha upasuaji, na akaniambia mimi nitafute damu ya kumwongezea. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekuwa ameshaamua tangu juzi.

Damu ya kundi la Yohana tulikuwa nayo kidogo. Mmoja wa mafundi wangu alijitolea, na dereva wa gari la wagonjwa naye. Tulizioanisha damu hizo na ya Yohana upesi lakini bila kuruka hatua, maana haraka ya maabara ni mikono kwenda mbio na kichwa kukaa. Sechelela alirudi kwenye benchi letu. Sikumwambia kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Nilimletea chai, akaishika mpaka ikapoa.

Waliufungua mguu, wakaondoa nyama iliyokufa, wakaacha inayoishi. Siku zilizofuata tulipima bila kuchoka, na kila siku chupa nyingine ya mradi iliingia kwenye friza. Homa ilishuka kwanza. Halafu ile protini ya ini ikaanza kuteremka. Mkojo ulikuwa wa mwisho, na ulipoongezeka na kuwa na rangi ya mkojo, muuguzi alikuja na chupa ameishika juu kama kombe, akazunguka nayo wodi nzima. Sechelela aliniuliza kama sasa mdudu amekufa. Nikamwambia hakukuwa na mdudu. Akasikitika kidogo. Alikuwa ameshajiandaa kwa maneno.

Mheshimiwa mwenyewe, ile protini ya mradi, hatukuwa bado tumeipima. Vitendanishi vyake, yaani dawa za kuipimia, ni vya sahani nzima yenye vishimo vya sampuli nyingi, na huwezi kufungua sahani kwa ajili ya mtu mmoja. Unangoja friza lijae. Lilipojaa, vitendanishi vilikuwa bandarini vinasubiri muhuri. Muhuri ulipopatikana, Yohana alikuwa ameshatoka hospitali. Majibu yalionyesha kwamba siku ile aliyokuwa akiungua protini ilikuwa juu mno, na baada ya upasuaji ikaporomoka. Yalikuwa majibu mazuri sana. Kama Yohana angeyasubiri, tungeyasoma msibani.

Daktari Kiondo aliyawasilisha kwenye mkutano, katika ukumbi wa hoteli mjini, kwa picha za rangi. "Tangu mwanzo," aliwaambia watu, "nilihisi kwamba chanzo ni mguu." Daktari Hawa alikaa karibu nami anatafuna karanga.

"Huoni uchungu?" nikamnong'oneza.

"Mguu upo, mama?"

"Upo."

"Basi." Akanisogezea karanga.

Muda si mrefu kabla sijastaafu, Yohana alikuja kliniki. Mguu ulikuwa umekonda na anatembea kwa fimbo, visima amewaachia wengine, lakini alikuwa amenenepa shingo. Alipoingia kwa daktari, Sechelela alikuja kukaa na mimi. Aliniomba nimweleze vizuri nini hasa kilitaka kumuua mumewe, kwa sababu kijijini wanamuuliza, na akisema hapakuwa na mdudu wanadhani anaficha uchawi.

Nikamweleza kama nilivyofundishwa. Kwamba nyama ilipokufa ilipiga yowe. Kwamba wakaja wa kusaidia, wengi mno, na walipokosa cha kufanya hawakuondoka, na wao ndio walioanza kumharibu.

Alisikiliza akitikisa kichwa taratibu.

"Kumbe ni hilo," akasema. "Hilo nalijua. Tulipokuwa huku hospitali, ndugu wa mume wangu walisikia kisima kimemfunika, wakaja kwangu kusaidia. Walitoka mpaka Manyoni. Wakala mtama, wakala kuku, wakala mbegu ya alizeti. Mgonjwa amepona, amerudi, wanamwona anatembea. Bado wapo."

Nikacheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka.

"Na wataalamu wenu," akauliza, "wameshapata dawa ya kuwaambia warudi kwao?"

"Wanaitafuta, mama."

Akajifunga kanga vizuri, akatazama mlango ambao mumewe angetokea.

"Wakiipata," akasema, "mniwekee na mimi."